Tanzia za Kigiriki katika Kipoland: Somo la Tafsiri Kuanzia Kwenye Silabi

Tanzia ni tamthilia inayomwonesha mtu, mara nyingi mwenye cheo na heshima, akielekea kwenye maangamizi ambayo kwa sehemu ameyaandaa kwa mikono yake mwenyewe. Utungaji wa aina hii ulikomaa katika mji wa Athens, Ugiriki, katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Kila mwaka, majira ya baridi yalipokwisha, watu kwa maelfu waliketi kwenye mteremko wa kilima na kutazama mashindano ya watunzi katika sikukuu ya mungu Dionysus. Watunzi watatu tu ndio ambao kazi zao zimetufikia zikiwa kamili. Za Aeschylus zimebaki 7, za Sophocles 7, na zenye jina la Euripides 19, ingawa moja kati ya hizo 19 si tanzia, na nyingine moja wasomi wengi hawaamini kuwa ni yake.

Makala hii inafuatilia safari ya tamthilia hizo kuingia katika Kipoland, lugha ya watu wa Poland. Wapoland wameifanya kazi hiyo kwa zaidi ya karne nne, tena katika nyakati ambazo nchi yao yenyewe haikuwapo kwenye ramani. Zaidi ya hayo, Kipoland na Kiswahili, ingawa hazina undugu wowote, zina tabia moja ya sauti inayofanana, na tabia hiyo itamsaidia msomaji wa Kiswahili kuelewa ugumu wa kazi yenyewe. Tuanze na kipande kidogo kabisa cha usemi ambacho mtunzi wa ushairi hukihesabu.

Kipande hicho ni silabi. Katika neno «kitabu» kuna silabi tatu: ki, ta, bu. Mshairi wa Kiswahili anapohesabu mizani, anachohesabu ni silabi hizi, na kila moja ina thamani sawa na mwenzake. Katika Kigiriki cha kale hesabu haikuwa hivyo. Huko silabi zilikuwa za aina mbili, fupi na ndefu, na silabi ndefu ilichukua takriban muda wa fupi mbili. Silabi ilihesabiwa ndefu ama kwa sababu irabu yake ilikuwa ndefu, ama kwa sababu ilifungwa na konsonanti. Hata alfabeti yao ilionesha jambo hili: herufi «omikroni» maana yake ni o ndogo, na «omega» ni o kubwa. Ili kupata picha yake, msomaji na aichukulie ngoma yenye mapigo mawili, moja la kukatika upesi na jingine la kuvutwa. Ushairi wa Kigiriki ulitungwa kwa kupanga mapigo hayo.

Mazungumzo ya wahusika katika tanzia yalitungwa kwa mshororo wa silabi 12, uliogawanyika katika mafungu matatu ya silabi nne nne. Katika kila fungu silabi ya kwanza iliachwa huru, ya pili ilikuwa ndefu, ya tatu fupi, ya nne ndefu. Aristotle, mwanafalsafa aliyeishi karne moja baadaye, aliandika kwamba mapigo ya namna hii ndiyo yaliyokuwa karibu zaidi na maongezi ya kawaida. Kando ya wahusika kulikuwa na korasi, yaani kundi la watu 12, baadaye 15, walioimba na kucheza kwa pamoja katikati ya matukio. Nyimbo za korasi zilikuwa na mapigo mengine kabisa, yenye kubadilikabadilika, na zilipangwa kwa beti pacha: ubeti wa kwanza uliweka mpangilio wa mapigo, na wa pili ukaurudia silabi kwa silabi. Muziki wenyewe umepotea karibu wote. Mapigo yamebaki kwa sababu yamo ndani ya maneno.

Sasa tuje kwenye Kipoland. Zamani lugha hii nayo ilikuwa na irabu ndefu na fupi, lakini kufikia karne ya 16 tofauti hiyo ilikuwa imefutika. Iliacha kovu katika maandishi: herufi «ó», inayoonekana katika majina ya miji kama Kraków na Lwów, ni alama ya mahali palipokuwa na o ndefu, ingawa leo hutamkwa kama u. Badala ya urefu, kinachosikika sasa ni mkazo, yaani nguvu ya sauti inayowekwa kwenye silabi moja ya neno. Na mkazo wa Kipoland hukaa, isipokuwa katika maneno machache, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno «kobieta», yaani mwanamke, lina mkazo kwenye «bie». Likiongezewa kiambishi na kuwa «kobietami», yaani pamoja na wanawake, mkazo unahamia kwenye «ta». Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa zaidi, kwani ndivyo anavyotamka «kitabu» kwa mkazo kwenye «ta» na «kitabuni» kwa mkazo kwenye «bu».

Kutokana na tabia hiyo, ushairi wa Kipoland ulichukua njia ambayo washairi wa pwani ya Afrika Mashariki wanaifahamu vizuri: kuhesabu silabi na kuugawa mshororo vipande viwili. Shairi la Kiswahili lina mizani 16, nane kwenye ukwapi na nane kwenye utao. Mishororo miwili mashuhuri ya Kipoland ni ule wa silabi 13, saba na sita, na ule wa silabi 11, tano na sita. Vina pia hufuata mkazo. Kwa kuwa mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kina cha Kipoland huanzia hapo, hivyo huchukua silabi mbili.

Hapo ndipo tatizo la mfasiri linapoonekana wazi. Mgiriki ana silabi 12 zilizopangwa kwa urefu, bila vina vyovyote. Mpoland ana masikio yaliyozoea 11 au 13, mkazo usiobanduka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na vina. Anaweza kuacha mapigo ya Kigiriki na kutumia mshororo wa kwao, na msomaji akasikia ushairi halisi lakini wa Kipoland. Anaweza kuyaiga mapigo kwa kuweka mkazo mahali palipokuwa na silabi ndefu. Lakini mshororo wa Kigiriki huishia kwenye pigo la nguvu, na katika Kipoland karibu kila neno huishia kwenye silabi dhaifu, kwa hiyo mfasiri hulazimika kutafuta maneno ya silabi moja ili yakae mwishoni, mshororo baada ya mshororo, kwa zaidi ya mishororo elfu moja. Au anaweza kuandika nathari, akaokoa maana na kuuacha wimbo. Hakuna njia isiyo na hasara, na anayesoma tafsiri yoyote atafanya vyema kujiuliza kwanza mfasiri huyu amekubali kupoteza nini.

Mtu wa kwanza kulipima jambo hili kwa uzito alikuwa mshairi Jan Kochanowski, aliyezaliwa mwaka 1530 na kusoma Padua, Italia, mahali ambapo Kigiriki kilifundishwa. Tarehe 12 Januari 1578, huko Jazdów karibu na Warsaw, mbele ya Mfalme Stefan Batory, tamthilia yake kuhusu wajumbe wa Kigiriki waliokwenda Troy kumdai Helena ilichezwa katika harusi ya kiongozi wa serikali Jan Zamoyski. Haikuwa tafsiri. Ilikuwa tanzia mpya iliyojengwa kwa kanuni za Kigiriki, yenye mazungumzo yasiyo na vina, jambo geni wakati huo. Katika wimbo wa tatu wa korasi alijaribu kufuata mwendo wa nyimbo za Kigiriki zenyewe, na katika barua aliyoiambatisha kwa Zamoyski alikiri kuwa hajui jambo hilo litasikikaje katika Kipoland. Kochanowski pia alitafsiri sehemu ya tamthilia ya Euripides kuhusu Alcestis, mke aliyekubali kufa badala ya mumewe. Ungamo lake lile lina thamani kubwa, kwa kuwa linaonesha mtaalamu anayefanya jaribio huku akijua kwamba matokeo yatapimwa na sikio.

Sauti ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine imo katika sarufi, na hapa mifano miwili itatosha kuonesha jinsi lugha inavyoweza kumnyima mfasiri jambo fulani au kumlazimisha jambo asilolitaka.

Kigiriki cha kale, mbali na umoja na wingi, kilikuwa na namna ya tatu ya kuhesabu: uwili, yaani umbo la neno linalotumika kwa vitu viwili tu. Katika tamthilia ya Sophocles, Antigone anataka kumzika kaka yake ingawa mtawala Creon amekataza, na anamwomba dada yake Ismene amsaidie. Anapozungumzia hali yao, anatumia uwili: sisi wawili, jozi moja. Ismene anakataa. Wasomi wamebaini kwamba baada ya hapo Antigone haitumii tena namna hiyo kwa ajili yao. Utengano wa ndugu umeandikwa ndani ya viambishi, bila mtu yeyote kuutangaza. Kipoland cha kale kilikuwa na uwili. Leo masalia yake yamebaki katika maneno machache, kama «oczy», macho, na «dwieście», mia mbili. Mfasiri wa zama zetu hana tena chombo hicho, kwa hiyo ama ataje neno «wawili» waziwazi, ama aliache jambo hilo lipite kimya. Kwa Kiswahili tungekuwa na tatizo lile lile.

Mfano wa pili unakwenda upande mwingine. Kitenzi cha Kigiriki hakioneshi kama anayesema «niliona» ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili nacho hakioneshi. Kipoland, katika wakati uliopita, huonesha: mwanamume husema «widziałem» na mwanamke «widziałam». Mara nyingi korasi husema «mimi» ingawa ni watu 15, na kila inapokumbuka jambo lililopita, mfasiri analazimika kuamua papo hapo: kundi au mtu mmoja, wanaume au wanawake. Katika tamthilia nyingi jibu linajulikana, kwa sababu korasi imetambulishwa kuwa ni wazee wa mji au wasichana mateka. Hata hivyo sikio la Mpoland linakumbushwa jinsia hiyo katika kila sentensi, hata pale ambapo Mgiriki alisikia sauti isiyo na jinsia, sauti ya mji wenyewe.

Kutoka sarufi tunaingia kwenye neno moja moja. Katika tamthilia hiyo hiyo ya Antigone korasi inaimba wimbo mashuhuri kuhusu binadamu, na wimbo huo umejengwa juu ya neno «deinos». Neno hili lina maana ya kutisha, na pia ya kustaajabisha, na pia ya kuwa hodari kupita kiasi. Msomaji amekwisha kukutana nalo bila kujua, kwani limo ndani ya neno «dinosaria», lililoundwa kwa Kigiriki kumaanisha mjusi wa kutisha. Je, Sophocles anasema binadamu ni wa ajabu au ni wa kutisha? Anasema yote mawili kwa wakati mmoja, na wimbo mzima unategemea hilo, kwa sababu unasifu ustadi wa binadamu wa kuvuka bahari na kulima ardhi, kisha unaishia kwenye onyo. Kazimierz Morawski, mfasiri ambaye Antigone yake imesomwa na vizazi vya wanafunzi wa Poland, alichagua neno «dziw», yaani ajabu. Ni chaguo zuri kwa mwanzo wa wimbo. Hofu inabidi isubiri hadi beti za mwisho.

Huyu Morawski anastahili kuelezwa zaidi, lakini kwanza tuone hali ya nchi yake. Mwaka 1795 Poland iligawanywa mara ya mwisho kati ya Urusi, Prussia na Austria, ikafutwa kwenye ramani hadi mwaka 1918. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, vyuo vikuu vilivyofundisha kwa Kipoland vilibaki upande wa Austria tu, katika miji ya Kraków na Lwów. Taasisi kama hiyo iliyokuwapo Warsaw, Szkoła Główna, ilifungwa mwaka 1869 na nafasi yake kuchukuliwa na chuo kikuu cha Kirusi. Mmoja wa walimu wa Szkoła Główna alikuwa Zygmunt Węclewski, mtaalamu wa lugha za kale, ambaye baadaye alihamia Lwów. Ndiye aliyewapa Wapoland watunzi wote watatu wa tanzia: Aeschylus mwaka 1873, Sophocles mwaka 1875, na Euripides mwaka 1881 na 1882. Vitabu hivyo vilichapishwa Poznań, mji uliokuwa chini ya Prussia. Basi alifundisha chini ya Urusi, akahamia chini ya Austria, akachapisha chini ya Prussia. Vipande vyote vitatu vya nchi iliyogawanywa vilikutana katika kazi yake. Leo tafsiri zake hazisomwi sana, lakini waliomfuata walipata pa kuanzia.

Morawski (1852–1925) alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Jagiellonia, Kraków. Alitafsiri tanzia zote saba za Sophocles. Suluhisho lake la kimizani ni la busara: mazungumzo aliyaandika kwa mshororo wa silabi 11 usio na vina, na nyimbo za korasi akazitia vina. Sophocles hakutumia vina popote, kwa hiyo huku ni kuongeza kitu kisichokuwapo. Lakini muziki umepotea, na msomaji wa Kipoland anahitaji ishara ya kumjulisha kwamba sasa hapa wanaimba. Kina kinafanya kazi iliyofanywa zamani na zumari. Gharama yake ni kwamba kina hudai neno linalofaa kwa sauti, hata pale ambapo maana ingependa neno jingine. Morawski hakuwa mtu wa vitabu peke yake. Desemba 1922, baada ya Rais Gabriel Narutowicz kuuawa, jina lake lilipendekezwa kwa urais wa nchi, akashindwa na Stanisław Wojciechowski.

Jan Kasprowicz (1860–1926) alikuja kwa njia nyingine. Alizaliwa katika familia ya wakulima, akawa mmoja wa washairi wakubwa wa zama zake, na kuanzia mwaka 1909 akawa profesa huko Lwów. Alimtafsiri Aeschylus, na mwaka 1918 tafsiri yake ya Euripides ikatoka katika majuzuu matatu. Anayeisoma leo anamsikia Euripides akisema kwa lugha ya washairi wa Poland wa miaka ya 1900, yenye maneno mazito na hisia zilizopandishwa juu. Wapo wanaoona hilo ni kosa. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, kila tafsiri ya ushairi hubeba tarehe yake, na ya Kasprowicz inaionesha tarehe hiyo kwa uwazi kuliko nyingine.

Kisha ikaja vita. Tarehe 6 Novemba 1939 Wajerumani waliwaita maprofesa wa Kraków ukumbini kwa kisingizio cha hotuba, wakawakamata watu 183, na wengi wao wakapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Mwaka 1945 mipaka ilipohamishwa, Lwów na Wilno zilibaki nje ya Poland. Leo Lwów ni Lviv ya Ukraine, na Wilno ni Vilnius, mji mkuu wa Lithuania. Walimu wa vyuo vya miji hiyo walihama na kile walichoweza kubeba. Stefan Srebrny (1890–1962), aliyefundisha Wilno, alikwenda Toruń. Huyu alikuwa mwanafunzi wa Tadeusz Zieliński, Mpoland aliyefundisha St Petersburg miaka mingi na kumtafsiri Sophocles kwa Kirusi. Srebrny alimpenda Aeschylus, mgumu kuliko wote watatu, mtunzi anayeunganisha maneno mawili matatu kuwa moja na kujaza jukwaa kwa vilio. Vilio vya Kigiriki vilikuwa vingi, kila kimoja na umbo lake, mithili ya «oimoi», «aiai», «otototoi». Kipoland kina «biada», linalolingana na «ole» letu, pamoja na mengine machache. Srebrny aliandika pia kuhusu jukwaa lenyewe, la Kigiriki na la Kipoland, na alijua kwamba mshororo wa tanzia hatimaye hutamkwa na mwigizaji mwenye pumzi yenye kikomo.

Jerzy Łanowski (1919–2000), mzaliwa wa Lwów, alifanya kazi yake Wrocław. Alitafsiri tamthilia zote za Euripides kwa lugha nyepesi, bila mapambo ya Kasprowicz, karibu na maongezi ya watu wa siku zake. Uamuzi huo una msingi katika Euripides mwenyewe, ambaye hata watu wa Athens walimjua kama mtunzi aliyewashusha mashujaa na kuwafanya waseme kama majirani. Katika karne hii Robert Chodkowski wa Lublin ametoa tafsiri mpya za Aeschylus na Sophocles. Kazi haijafungwa.

Linabaki neno moja la mwisho. Tamthilia ya Sophocles kuhusu Oedipus inajulikana kwa Kigiriki kama «Oidipous Tyrannos». «Tyrannos» kwao alikuwa mtawala aliyepata madaraka kwa njia nyingine, si kwa kurithi. Oedipus alipewa mji wa Thebes kwa sababu aliuokoa, na uchungu wote wa hadithi ni kwamba alikuwa mrithi halali bila kujua. Kipoland kina neno «tyran», lililotokana na lile lile la Kigiriki, lakini leo maana yake ni mtawala katili. Kulitumia kungekuwa kumhukumu Oedipus kabla pazia halijafunguliwa. Kwa hiyo jina lililozoeleka Poland ni «Król Edyp», Mfalme Edyp. Ugeni wa mtawala unapotea, na heshima yake inabaki. Mwaka 1971 tamthilia hiyo ilipotoka kwa Kiswahili, Samuel Mushi alifika mahali hapo hapo, akaipa jina «Mfalme Edipode».

Msomaji atakayekipata kitabu hicho na akisome kwa sauti, taratibu, akisikiliza mkazo unakoangukia.